Kuuza HD bila kuifunga kazi ya bure: mwongozo kamili kwa miradi ya sanaa inayorendwa na jamii

Maswali ninayoletewa hufanana. Kikundi kinatengeneza uhuishaji wa kidijitali. Watu wanaacha kompyuta zao zikirenda usiku kucha, yaani zikikokotoa picha moja moja (fremu) zinazounda video, na kazi ikikamilika inatolewa bure kwa kila mtu. Kisha bili ya seva inafika, mtu anasema "tuuze HD", yaani toleo la ubora mkubwa, na baada ya miezi miwili wanunuzi ni wanne na nusu ya waliokuwa wakirenda wamezima mashine zao.

Wazo lenyewe ni zuri. Mradi wa Electric Sheep, ulioanzishwa na Scott Draves mwaka 1999, ulijengwa hivyo: kompyuta za watu zilirenda zikiwa zimepumzika, watazamaji walipiga kura kwa vishale vya juu na chini, picha zilikuwa bure, na aliyetaka ubora mkubwa zaidi alilipia. Kinachoviangusha vikundi vyetu ni utekelezaji. Wanalemaza toleo la bure ili la kulipia lionekane bora, hawahesabu uzito wa HD kabla ya kuahidi, na wanaanza kupokea fedha kabla ya kuwauliza wenye kompyuta. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote.

Ninaposema HD humu, namaanisha faili ya pikseli 3840×2160. Toleo la bure ni 1280×720.

## Mahitaji

Kusanya hivi kabla ya kutaja bei popote:

- Vipande vitano au zaidi ambavyo tayari viko bure na watu wanavipakua. Ukiwa huna, subiri kwanza.
- Faili asilia ya kila kipande: faili ya Blender (programu ya bure ya uhuishaji wa 3D) pamoja na tekscha zake, yaani picha zinazofunika maumbo, au faili ya vigezo kama unachora fraktali, michoro inayozalishwa kwa hesabu.
- Watu wa kurenda wasiopungua kumi, wenye kadi za picha zinazofaa.
- Seva ndogo ya kupokelea fremu na diski ya nje ya TB 1 ya kuhifadhi nakala.
- FFmpeg. Ni programu ya bure ya kuunganisha fremu kuwa video.
- Lipa namba kwa walio Tanzania, till kwa walio Kenya, na njia moja ya kupokea kadi kutoka nje. Kwa hiyo ya nje, hakikisha akaunti yako inapokea fedha, maana zipo zinazoruhusu kutuma tu kulingana na nchi uliyojiandikishia.
- Mweka hazina ambaye si wewe.

Usilichukulie hilo la mwisho kama urasimu. Mtu anayekupa umeme wake bure anastahili kuona kwamba fedha hazipitii mfuko mmoja.

## Hatua ya 1: Renda fremu tatu, upige hesabu

Chagua fremu tatu za kipande kimoja: nyepesi, ya wastani na nzito. Zirende kwa 1280×720, kisha kwa 3840×2160, uandike muda wa kila moja.

Fremu ya 3840×2160 ina pikseli 8,294,400. Ya 1280×720 ina 921,600. Ni mara 9, na muda wa kurenda hupanda karibu kwa kiwango hicho hicho. Kama fremu ndogo inachukua dakika 2, tarajia kubwa ichukue kama dakika 18.

Sasa chukua kipande cha sekunde 20 kwa fremu 30 kila sekunde. Hizo ni fremu 600. Mara dakika 18 unapata dakika 10,800, yaani saa 180. Kompyuta moja itafanya kazi siku saba na nusu bila kuzimwa. Ukiwa na watu 15 wanaorenda saa 8 kila usiku, mnamaliza kwa siku mbili.

Endelea hadi kwenye umeme, kwa sababu hapa ndipo wengi hawafiki. Kompyuta yenye kadi ya picha ikivuta wati 300, saa 180 ni uniti 54. Uniti hizo zimetoka kwenye Luku na tokeni za watu 15, kila mmoja uniti 3.6. Halafu kuna bando: kila mtu akirenda fremu 40, na fremu moja ya PNG ikiwa na MB 15, anapandisha MB 600 kwa gharama yake.

Utajua umefaulu ukiwa na sentensi moja yenye namba: "Kipande hiki kitachukua saa 180, uniti 54, na MB 600 kwa kila mtu." Bila sentensi hiyo usiende hatua ya pili, kwa sababu ndiyo utakayowasomea watu.

## Hatua ya 2: Omba ridhaa kabla ya senti ya kwanza

Nilikosea hapa katika mradi wangu wa kwanza. Tuliuza vipande viwili, tukalipia seva, tukafurahi. Kijana mmoja aliyekuwa ametupa zaidi ya usiku thelathini wa kompyuta yake aliona tangazo la bei kwenye simu. Akaniandikia: "Kaka, sikatai muuze. Ila mimi nimejua kama mteja." Hakutukana wala hakudai chochote. Aliondoka, na wenzake wawili wakamfuata. Hadi leo najutia ujumbe ule kuliko fedha yoyote tuliyokosa.

Kwa hiyo andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, wenye majibu ya maswali haya:

1. Ni nini kitauzwa, na ni nini kitabaki bure siku zote?
2. Fedha zitalipia nini, kwa mpangilio gani?
3. Aliyerenda anapata nini?
4. Asiyetaka kompyuta yake itumike kwa vipande vya kuuzwa afanyeje?

Jibu la swali la nne liwe jepesi: foleni mbili, ya bure pekee na ya HD, na mtu anachagua. Wengi watachagua ya HD. Watakubali kwa sababu waliulizwa.

Kwa swali la tatu, naona kima cha chini ni faili ya HD ya kila kipande alichokirenda, jina lake mwishoni kama anataka, na fidia ya bando.

Onyo kuhusu leseni. Kagua leseni ya kila mchoro, tekscha na sauti. Kama mtu aliuleta mchoro kwa leseni ya Creative Commons (leseni za wazi za kushirikishana kazi) yenye herufi NC, hairuhusu matumizi ya kibiashara, na katazo hilo linakuhusu wewe kama mtu mwingine yeyote. Omba ruhusa ya maandishi au kiache kipande hicho bure milele. BY inaruhusu kuuza ilimradi umtaje mwenye kazi. BY-SA pia inaruhusu, ila kazi inayotokana nayo lazima ibebe leseni ileile.

Utajua umefaulu ukiwa na jibu la kila mtu aliye kwenye orodha. Kimya si ndiyo. Asiyejibu, mweke kwenye foleni ya bure.

## Hatua ya 3: Acha watazamaji wachague kipi kirendwe

Usirende kila kitu kwa HD. Renda vipande vyote kwa 640×360 kwanza. Ukubwa huo ni sehemu moja ya 36 ya pikseli za HD, kwa hiyo kile kilichohitaji saa 180 kinahitaji kama saa 5. Virushe vipigiwe kura kwa wiki mbili, halafu vilivyoongoza ndivyo viende kwenye foleni ya HD.

Utaona watu wanalipia walichokichagua. Mimi hupenda vipande vya polepole, vyenye rangi za machweo. Wapigaji kura wetu walichagua kile chenye mistari ya kanga inayofunguka na kujikunja, na ndicho kilichotulipia seva.

## Hatua ya 4: Tayarisha faili ili ikubali kukuzwa

Kasoro isiyoonekana kwenye simu huonekana waziwazi kwenye skrini ya ukumbi.

Tekscha. Picha ya pikseli 1024 iliyotandazwa skrini nzima itaonekana kama imepakwa mafuta. Badilisha zilizo mbele ya kamera. Za nyuma, zilizofifia, ziache.

Chengachenga, yaani vidoa vidogo kama mchanga kwenye picha. Kiwango cha sampuli (mara ambazo programu inapima mwanga wa kila pikseli) kilichotosha kwenye picha ndogo huenda kisitoshe hapa. Ukitumia kiondoa chengachenga, angalia fremu kumi zinazofuatana. Fremu moja inaweza kuwa safi, lakini kumi zikitembea utaona madoa yanapumua.

Fraktali. Kwa michoro ya aina ya fractal flame, kubadilisha upana na urefu peke yake hakukuzi umbo. Utapata umbo lilelile dogo katikati na eneo tupu pembeni. Kigezo cha kipimo nacho lazima kipande kwa uwiano uleule.

Mzunguko. Kipande cha kujirudia cha fremu 600 kinarendwa kuanzia 1 hadi 600, na ile ya 601 ndiyo iwe sawa na ya 1. Ukiifanya ya 600 ifanane na ya 1, video itasita kidogo kila inapoanza upya. Nyumbani hutaiona. Ukumbini, ikijirudia kwa saa nne, kila mtu ataiona.

Mwisho, fungasha tekscha zote ndani ya faili. Asiye na tekscha atakuletea fremu zenye waridi kali, ambayo ndiyo rangi ya Blender kwa picha isiyopatikana.

## Hatua ya 5: Gawa fremu

Gawa kwa mafungu ya fremu zinazofuatana: wa kwanza 1 hadi 40, wa pili 41 hadi 80, wa tatu 81 hadi 120. Mpe kila mtu amri kamili ya kunakili, asibadilishe chochote. Ya mtu wa tatu ni hii:

`blender --disable-autoexec -b kazi.blend -o //fremu/fremu_##### -F PNG -s 81 -e 120 -a`

Sehemu ya `--disable-autoexec` inazuia faili kuendesha msimbo wowote uliofichwa ndani yake. Watu wanafungua faili yako kwenye kompyuta zenye picha za familia zao na nywila zao za benki. Usiiondoe amri hiyo hata kama unaijua faili yako vizuri.

Toleo la Blender liwe moja kwa wote, hadi tarakimu ya mwisho. Toa fremu za PNG, usitoe video. Umeme ukikatika katikati ya video unapoteza kazi yote. Ukikatika katikati ya fremu, unapoteza fremu hiyo moja.

## Hatua ya 6: Kagua kabla ya kuunganisha

Hesabu faili kwanza. Ziwe 600.

Kisha zipange kwa ukubwa. Fremu ya KB chache katikati ya fremu za MB 15 ni ile iliyokuwa ikiandikwa umeme ulipokatika. Irudishe ikarendwe upya.

Baada ya hapo tazama mipaka. Simama kwenye fremu ya 40, sogea hadi 41. Simama 80, sogea 81. Kama kuna tofauti ndogo ya rangi au mwanga, itakuwa hapo, mahali kompyuta ya mtu mmoja inapomkabidhi mwingine. Kwa kawaida chanzo ni toleo tofauti la programu au tekscha iliyokosekana.

Fremu moja katika kila fungu irendwe na watu wawili, uzilinganishe kwa macho, moja juu ya nyingine. Usitegemee faili ziwe sawa biti kwa biti, kwa sababu kadi tofauti za picha hutoa tofauti ndogo ambazo jicho halizioni.

## Hatua ya 7: Toa matoleo mawili kutoka fremu zilezile

Hii ndiyo hatua ninayotaka uisome mara mbili.

Usirende toleo la bure peke yake. Fremu kubwa zikikamilika, video zote mbili zinatoka humo:

`ffmpeg -framerate 30 -i fremu_%05d.png -c:v libx264 -crf 16 -pix_fmt yuv420p hd.mp4`

`ffmpeg -framerate 30 -i fremu_%05d.png -vf scale=1280:720:flags=lanczos -c:v libx264 -crf 22 -pix_fmt yuv420p bure.mp4`

Picha kubwa ikipunguzwa, kingo zake huwa laini na chengachenga hupungua. Kwa hiyo toleo la bure linakuwa zuri kuliko lingekuwa kama lingerendwa dogo tangu mwanzo. Anayelipa amempandishia ubora asiyelipa, na hilo litaje wazi kwenye ukurasa wako.

Toleo la bure liwe na urefu wote, sauti yote na rangi zote. Usiweke nembo katikati ya picha. Usikate sekunde tano za mwisho. Usicheleweshe kulitoa: siku HD inapoanza kuuzwa, la bure lipatikane siku hiyohiyo. Unachouza ni ukubwa wa picha, basi.

Kipande chenye giza na mwanga unaofifia taratibu kinaweza kuonyesha mistari kwenye skrini kubwa. Kwa hicho, toa toleo la HD la biti 10 kwa kodeki ya H.265, na umwambie mnunuzi ajaribu kwenye kifaa chake kabla ya siku ya shughuli.

## Hatua ya 8: Panga bei kutokana na gharama

Huu ni mfano. Seva kwa mwezi TSh 70,000. Hifadhi ya nakala TSh 20,000. Fidia ya bando, watu 15 kwa TSh 4,000 kila mmoja, TSh 60,000. Jumla TSh 150,000. Ukiuza kipande kwa TSh 10,000 unahitaji mauzo 15 kila mwezi, bila kuhesabu makato ya malipo.

Jiulize hao 15 ni akina nani. Wafuasi wako wengi wanatazama kwenye simu, na kwenye simu 1280×720 inawatosha kabisa. Usiwalaumu. Wanaohitaji HD ni wengine: wenye kumbi za harusi zenye skrini za LED nyuma ya meza kuu, ma-DJ, hoteli zenye televisheni kubwa mapokezi, makanisa yanayoweka mandhari nyuma ya maneno ya nyimbo, na Waswahili walio nje wanaopenda kuona kitu cha nyumbani ukutani. Nenda ukawaonyeshe. Kipeleke kipande kwenye flashi, kicheze kwenye skrini yao wenyewe, kaa kimya dakika moja.

Waulize pia vipimo vya skrini. LED za ukumbini mara nyingi haziko 16 kwa 9, na kipande kilichokatwa vizuri kwa vipimo vyao ni huduma unayoweza kuiuza zaidi ya TSh 10,000.

Unaweza kuuza kabla ya kurenda. Blender Foundation ilifanya hivyo kwa filamu yake ya kwanza ya wazi iliyotoka 2006: DVD ziliagizwa na kulipiwa kabla filamu haijakamilika, na waliowahi waliandikwa majina mwishoni. Ukifuata njia hiyo, weka tarehe na ahadi ya kurudisha fedha, na fedha hizo zisiguswe hadi fremu ya mwisho ikaguliwe.

Haya ni mapato, kwa hiyo tunza risiti na upate maelekezo ya TRA au KRA mapema, kabla mauzo hayajakua.

## Hatua ya 9: Kabidhi faili bila kufuli

Dakika moja ya HD kwa megabiti 35 kwa sekunde ni kama MB 260. Usiitume kama video kwa WhatsApp, itafinywa na mnunuzi ataona amedanganywa. Mtumie kiungo chake cha kupakulia, kinachodumu siku saba na kuruhusu majaribio kadhaa, kwa sababu intaneti hukatika kwenye MB 240.

Usiweke ulinzi wa kuzuia kunakili. Kazi za wengine ulizozipata kwa leseni za Creative Commons haziruhusu umwekee mpokeaji kizuizi cha kiufundi, na hata pasipo sheria hiyo, kufuli halifai kwenye kitu kilichotengenezwa na kompyuta za watu waliojitolea. Kama kazi iko chini ya BY, mnunuzi ana haki ya kumpa rafiki yake HD hiyo. Mwambie hivyo mwenyewe. Wenye ukumbi watalipa kwa sababu wanataka faili sahihi, kwa vipimo sahihi, kabla ya Jumamosi, na namba ya mtu wa kumpigia ikigoma.

## Hatua ya 10: Toa hesabu tarehe moja kila mwezi

Chagua tarehe na usiikose. Taarifa yetu ina mistari saba tu: mauzo, makato ya malipo, seva, hifadhi, bando, salio, na saa za kurenda zilizotolewa mwezi huo. Mweka hazina ndiye anayeituma, na kila aliyerenda anaipata siku moja na wengine.

Fedha zikizidi, msizigawane harakaharaka. Weka kwanza gharama za miezi mitatu ya seva, kisha ongeza fidia ya umeme juu ya ile ya bando.

Fedha zikipungua, punguza kwa mpangilio huu: kwanza idadi ya vipande vya HD, halafu nafasi ya hifadhi ya mtandaoni, ukihamishia fremu za zamani kwenye diski ya nje. Fidia ya bando isiguswe, na ukurasa wa bure usizimwe. Mwezi mmoja mwaka jana tuliuza vipande vitatu. Hatukurenda HD yoyote mwezi uliofuata, tukatoa vipande viwili vya bure kutoka kwenye fremu zilizokuwa diskini, na taarifa ikatoka tarehe 5 ikionyesha salio la TSh 11,500. Watu wote 15 waliwasha mashine zao foleni ilipofunguliwa tena.